Mstari wa Nne

Fomu imetoka wilayani ikiwa na mistari mitatu:
lugha ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Chini yake muhuri, na sahihi ya mwalimu wa taaluma,
yaani mimi, Magesa, mwenye kalamu inayovuja.
Atakayeijaza yote atapewa cheti chenye utepe wa bluu
siku ya mahafali, na mgeni rasmi atamshika mkono.

Kiswahili, wakaandika wote. Kiingereza, wote,
hata Bahebe, ambaye chake hutoka kikichechemea.
Mstari wa tatu ndio uliowakwamisha.
Wawili wakajaza Kifaransa, cha muhula mmoja.

Nkwimba Masalu akainua mkono:
"Mwalimu, naomba rula. Mistari haitoshi."

Darasa likacheka. Nikasema, taja.

Akataja bila kuringa, kama anayehesabu chenji.
Kisukuma, cha bibi wa Magu aliyemlea.
Kikerewe, cha mama, aliyeletwa na kivuko kutoka Nansio
na hadi leo akikasirika harudi kwao, hurudi lughani.
Kijaluo, cha jirani wa ukuta mmoja pale Kirumba,
Mama Apiyo, aliyemfundisha kusuka nywele
na kutukana kwa adabu.
Na lugha ya mikono,
ya Maduhu, mdogo wake asiyesikia.

Kabla ya kengele huwa Mwaloni na mama yake, kwenye dagaa.
Mjaluo akiuliza omena, Nkwimba anapima.
Mganda akitaka mukene, anapima.
Mrundi wa lori akisema ndagala, anapima.
Dagaa ni yuleyule, na macho yaleyale ya kushangaa;
bei tu ndiyo hupanda
kwa anayeuliza vibaya.

Hapo na mimi nilicheka.
Kisha nikakumbuka droo.

Droo ya pili, chini ya chaki na risiti za zamani,
kuna kibao cha mninga chenye kamba ya katani.
NIMEONGEA LUGHA YA NYUMBANI, kimeandikwa,
kwa mwandiko wangu, ule ninaosifiwa.
Nkwimba alikivaa kidato cha kwanza, siku tatu,
kwa kumpa pole kwa Kisukuma mwenzake aliyejikwaa.
Kamba ikamchubua. Hakulia.
Alikigeuza tu kibao,
maandishi yakawa yanasomwa na shati lake.

Sasa ananitazama. Sijui kama anakumbuka.
Anakumbuka. Shingo haisahau.

Na mimi je?
Mama alinizaa Majita, kando ya ziwa hilihili,
akanibembeleza kwa Kijita mpaka bweni likanichukua.
Alipolazwa Bugando, mara ya mwisho,
Kiswahili kilimtoka chote, kama mgeni anayeaga mapema.
Akabaki na kile cha kwanza. Akaniomba kitu.
Nikamletea maji.
Nikamletea blanketi.
Nikamletea nesi.
Hakuwa akiomba hayo.

Nikampa rula.
Akapiga mstari wa nne, wa tano, wa sita.
Kwenye wa sita kalamu yangu ikavuja, doa kama kisiwa.
"Ya mikono nayo niiandike?"
"Iandike."

Jumamosi mgeni rasmi alizisoma zote sita, kipaza sauti kikikoroma.
Watu wakapiga makofi.
Safu ya nyuma Maduhu alinyoosha mikono, akaitikisa hewani,
na mama yake akafanya vivyo hivyo,
na Mama Apiyo, pochi ikiwa bado mkononi.

Kibao sijakichoma. Kuni ni kuni, kosa ni langu.

Jumatatu, kabla ya kengele, nilishuka Mwaloni
na neno moja mdomoni, lile la wodini,
sauti tupu niliyoitunza miaka kumi na moja bila maana yake.
Kikerewe na Kijita, nimesikia, ni majirani.
Nkwimba alikuwa na kopo mkononi, anapima.
Mama yake akasimama kunisikiliza.

Nililitamka vibaya.
Hawakunipandishia bei.